Ajira katika Halmashauri za Tanzania Bara Tangu Uhuru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefanya kazi ofisi ya utumishi ya halmashauri ya wilaya kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi nilipostaafu. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa na madiwani, na vijana waliomaliza vyuo wakiwa na bahasha ya vyeti kwapani, na wanachuo wanaoandika tasnifu, na zaidi na wazazi wanaotaka kujua kwa nini darasa la mtoto wao halina mwalimu. Majibu ni ya Tanzania Bara tu. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, na Zanzibar wana sheria zao na mfumo wao.

Mtumishi wa serikali za mitaa ni nani hasa?

Wengi wakisikia "mtumishi wa halmashauri" humfikiria anayetoza ushuru sokoni, au mtendaji wa kata na muhuri wake. Hao wapo, lakini ni wachache. Mwalimu wa shule ya msingi ya Serikali ni mtumishi wa halmashauri, na wa sekondari ya kata vivyo hivyo. Muuguzi wa zahanati, tabibu wa kituo cha afya, afisa ugani, afisa maendeleo ya jamii, dereva wa gari la wagonjwa, mhasibu, mtendaji wa kijiji: wote cheki namba zao, yaani namba za mshahara, zinasomeka chini ya halmashauri. Zaidi ya nusu ya watumishi wote wa umma nchini wako huku, na ndani ya halmashauri walimu peke yao ni wengi kuliko kada nyingine zote ukizijumlisha.

Naomba jambo hili lishikwe tangu mwanzo. Idadi ya watumishi wa halmashauri ikipanda au ikishuka, mara nyingi kilichobadilika ni idadi ya walimu, kisha wahudumu wa afya. Wengine wote ni nyongeza ndogo pembeni.

Kwa jumla, tangu Uhuru idadi imepanda au imeshuka?

Imepanda sana. Lakini haikupanda kama maji yanavyojaa mtungini, kidogo kidogo. Imepanda kwa mawimbi, na kila wimbi liliagizwa kutoka juu. Kwa kumbukumbu yangu na ya waliotutangulia, naweza kuyataja: walimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote) miaka ya 1970, kurudishwa kwa halmashauri mwaka 1984, MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi) na shule za kata kati ya 2002 na 2010, na ajira zilizofunguliwa tena kuanzia 2021. Katikati ya mawimbi hayo kuna mabonde mawili makubwa, kupunguzwa kazi kwa miaka ya 1990 na kusitishwa kwa ajira mwaka 2016.

Ukitazama idadi ya watumishi peke yake, utaridhika. Iweke kando ya idadi ya watu. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, Zanzibar ikiwemo, kama ilivyo kwa sensa zote nitakazozitaja. Mwaka 1988 tulikuwa milioni 23.1, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Katika miaka kumi ya mwisho peke yake tumeongezeka karibu milioni 17, yaani zaidi ya watu wote waliohesabiwa mwaka 1967. Watoto wa hiyo milioni 17 wanakaa madarasani sasa hivi. Kwa hiyo swali ninalolipenda zaidi ni hili: mtumishi mmoja anahudumia watu wangapi leo, na alihudumia wangapi jana?

Ni kweli halmashauri ziliwahi kufutwa?

Ni kweli, na vijana wengi hawalijui. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, uliotokana na ushauri wa kampuni ya McKinsey, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Za mijini zikafuata muda mfupi baadaye. Watumishi hawakufukuzwa. Walihamishiwa chini ya wakuu wa mikoa na wakurugenzi wa maendeleo wa wilaya, wakawa watumishi wa Serikali Kuu. Ukichora mchoro wa ajira za serikali za mitaa, miaka hiyo unakuta shimo, wakati mwalimu yuleyule alikuwa ubaoni palepale.

Mijini mambo yaliharibika haraka. Taka zilirundikana, mifereji ikaziba, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka huohuo wa 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya.

Kurudi kwake hakukuwa rahisi. Wakongwe waliotufundisha kazi walituhadithia ofisi zilizofunguliwa hazina hata faili, na mishahara iliyotegemea kodi ya maendeleo. Msimu wa pamba au korosho ukiwa mbaya, mlinzi na mhudumu wa ofisi wanakaa miezi bila mshahara.

Miaka ya 1990 ilitokea nini?

Serikali ilikuwa na watu wengi kuliko ilivyoweza kuwalipa. Mwanzoni mwa muongo ule utumishi wa umma ulikuwa na watu zaidi ya 350,000, na mishahara ilikuwa midogo kiasi kwamba mtu hawezi kuishi nayo. Mpango wa marekebisho ya utumishi ulianza 1993, chini ya masharti ya mikopo ya wakati ule. Watu wapatao 50,000 wakapunguzwa kazini na ajira mpya zikabanwa. Mwisho wa muongo idadi ilikuwa chini ya 300,000.

Walioondolewa wengi walikuwa wa kada za chini, yaani wahudumu, walinzi, makarani, vibarua. Walimu na wauguzi hawakupunguzwa kwa kiasi hicho, lakini waliacha kuongezwa, na hilo lilikuwa pigo la kimyakimya. Chuo kilitoa walimu, wakakaa nyumbani. Nilipoanza kazi nilikuta shule yenye walimu watatu na darasa la kwanza la watoto zaidi ya mia, na waliokuwa wakifundisha walikuwa wamevuka hamsini wote.

Kwa nini idadi ilipanda kwa kasi baada ya 2002?

Kwa sababu ada ya shule ya msingi ilifutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikuja kuandikishwa wakiwa na miaka kumi, kumi na miwili. Walimu wakahitajika kwa maelfu, na ili wapatikane upesi mafunzo yakafupishwa: mwaka mmoja chuoni, kisha mtu anaendelea kujifunza akiwa kazini.

Watoto wale walipofika darasa la saba, ikabidi pawe na sekondari. MMES, mpango kama huo wa sekondari, ilianza 2004 na shule za kata zikajengwa kila upande kuanzia 2006. Hapo ndipo walipoingia walimu wa leseni, vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, ambao wananchi waliwabatiza jina la "voda fasta". Jina lile liliwaumiza wengi. Nilipokea barua za vijana hao, nikawapangia vituo, na najua baadhi yao waliosoma baadaye wakawa wakuu wa shule wazuri mno.

Upande wa afya, mpango wa MMAM ulianza 2007 ukiwa na shabaha ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walisomba mawe na kufyatua matofali. Majengo yalisimama. Wahudumu walikuja nyuma sana, na pengo lile halijafungwa hadi leo.

Nani analipa mishahara ya watumishi hawa?

Karibu yote inatoka Hazina. Zamani halmashauri zililipa sehemu kubwa ya watu wao wenyewe kwa kodi ya maendeleo, ile kodi ya kichwa iliyofanya wanaume wakimbilie porini wakiwaona mgambo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine mdogomdogo uliokuwa kero. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini tangu hapo halmashauri imekuwa mwajiri kwa jina, anayeandika barua ya ajira na kusaini likizo, wakati uamuzi wa kuongeza hata mtu mmoja uko Dodoma.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mwaka halmashauri inaandaa ikama na bajeti ya mishahara: tuna wangapi, wanastaafu wangapi, tunaomba wangapi. Inakwenda kuchambuliwa Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma. Kinachorudi ni kibali. Nakumbuka mwaka mmoja tuliomba watumishi wa afya zaidi ya sitini, tukapewa tisa. Niliwasomea madiwani ile barua kwenye kamati, na mmoja akaniuliza kama nimeruka ukurasa.

Watumishi hewa na vyeti feki vilipunguza idadi kwa kiasi gani?

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku.

Mtumishi hewa hayupo. Ni jina la aliyekufa, aliyestaafu au aliyeacha kazi, na mshahara wake unaendelea kutoka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliamuru wasakwe, na ndani ya miezi michache zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwenye orodha ya malipo nchi nzima. Baadaye idadi ikakaribia 20,000. Kwenye takwimu unaona ajira zimeshuka, ilhali hakuna darasa lililopoteza mwalimu.

Mwenye cheti cha kughushi alikuwepo. Aprili 2017, Dodoma, Rais alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa mara moja. Hawa walikuwa watu wa kweli kwenye vituo vya kweli. Kwetu kuna zahanati ambayo waliondoka wote wawili siku moja. Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu saa mbili asubuhi kusema kina mama wamekaa barazani na watoto wa kliniki, na mlango una kufuli. Sitetei kughushi hata kidogo, na nilisimamia uhakiki ule mwenyewe, cheti halisi mkononi, jina kwa jina. Ninachosema ni kwamba mtu akiondolewa kwa haki bado kiti chake kinabaki wazi, na viti vile vilikaa wazi muda mrefu kwa sababu ajira mpya na upandishaji vyeo vilikuwa vimesitishwa tangu katikati ya 2016. Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia iliamua walioondolewa warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, na wengi wamelipwa.

Kuna la tatu ambalo halikutajwa sana wakati ule. Walimu wa UPE, walioajiriwa baada ya Azimio la Musoma la 1974 wakiwa na miaka kumi na minane au ishirini, walikuwa wanatimiza sitini kati ya 2015 na 2018. Yaani wimbi la kustaafu lilifika mlangoni wakati mlango wa kuajiri umefungwa. Elimu bila malipo hadi kidato cha nne nayo ilianza 2016, madarasa yakafurika. Mambo matatu kwa wakati mmoja. Mwalimu mkuu aliyevuka miaka ile bila kukata tamaa anastahili heshima yangu yote.

Nimeona kwenye takwimu halmashauri yetu ilipoteza wahandisi wote. Walifukuzwa?

Hapana, walihamishwa. TARURA, wakala wa barabara, ilianzishwa 2017 ikachukua barabara za vijijini na mijini pamoja na wahandisi na mafundi wake. RUWASA, wakala wa maji, ilianza Julai 2019 ikachukua watu wa maji vijijini. Wengi wao walibaki jengo lilelile, meza ileile, wakabadilisha kibao cha mlangoni tu.

Kinyume chake kimewahi kutokea pia. Mwaka wa fedha 2008/09 usimamizi wa sekondari ulishushwa kutoka wizarani kwenda halmashauri, na maelfu ya walimu wakaingia kwenye hesabu zetu bila mwajiriwa mpya hata mmoja. Wanachuo, nawasihi: kabla ya kuandika kwamba ajira "ziliongezeka" au "ziliporomoka" mwaka fulani, ulizeni kwanza kama kuna kada iliyohamishwa mwaka huo.

Ajira zinatangazwa karibu kila mwaka sasa. Mbona upungufu hauishi?

Ni kweli mlango umefunguliwa. Mwaka 2023, kwa mfano, zilitangazwa nafasi 21,200 za walimu na wahudumu wa afya kwa mkupuo mmoja. Ni kazi kubwa na sitaki kuidharau. Lakini tufanye hesabu pamoja.

Chukua halmashauri ya kubuni yenye watumishi 2,000. Kwa mwaka, tuseme 80 wanaondoka kwa kustaafu, kufariki, kuacha kazi au kuhama. Ili tu kubaki palepale inahitaji 80. Sasa, idadi ya watu nchini ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya 2012 na 2022. Ili kila mtumishi asiongezewe mzigo, unahitaji wengine 64. Jumla 144. Halmashauri hiyo ikipokea 100, gazeti litaandika "yapokea watumishi wapya 100", mkurugenzi atapiga nao picha, na bado mwisho wa mwaka hali itakuwa mbaya kidogo kuliko ilivyoanza. Hicho ndicho kinachotokea sehemu nyingi, na hakuna anayedanganya.

Ongeza majengo mapya. Mwaka 2021, kwa mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 kwa miezi michache. Tozo za miamala ya simu zikajenga vituo vya afya. Fedha za kujenga hutoka mara moja, lakini mshahara unadaiwa kila mwezi kwa miaka thelathini na zaidi. Ndiyo maana ni rahisi kwa nchi yoyote kupata jengo kuliko kupata wa kukaa ndani yake.

Kuna pia suala la mgawanyo. Mtu anaripoti kijiji cha mbali, anasubiri cheki namba itoke, kisha anaanza kutafuta uhamisho: mume yuko mjini, mtoto anaumwa, nyumba ya mtumishi haina bati. Sababu nyingine ni za kweli kabisa. Ila matokeo yake ni kwamba shule ya kando ya lami inaweza kuwa na walimu ishirini na tano, na ya kilomita sitini ndani ikawa na watano.

Huo upungufu unaonekanaje kwa macho?

Miongozo ya ikama ya Wizara ya Afya ya 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20, na kituo cha afya 39 hadi 52. Kwa miaka mingi nchi nzima imekuwa na karibu nusu tu ya wahudumu wanaotakiwa. Nusu hiyo ni wastani, na wastani unaficha kijiji.

Nitawaeleza zahanati moja niliyokuwa naikagua. Ilikuwa na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Jumatano muuguzi alipanda bodaboda kwenda makao makuu ya wilaya kuchukua chanjo, kapu la baridi mapajani, saa mbili na nusu kwenda na kurudi. Nilifika akiwa hayupo. Mhudumu, mama wa makamo aliyeajiriwa kufagia na kuchemsha vifaa, alikuwa amemlaza mjamzito kitandani na kumshika mkono, akimwambia asisukume, dada anakuja. Kitabu cha mahudhurio kilikuwa na mistari kumi na mitano, na majina mawili. Muuguzi alirudi, mtoto akazaliwa salama. Jioni yule dada alinikabidhi barua ya kuomba likizo aliyoiandika miezi minane nyuma. Sikuwa na mtu wa kumshikia kituo, na nilirudi nayo ofisini bila kuisaini. Barua ile bado inanijia usiku.

Upande wa shule, shabaha ya sera ilikuwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Anayetaka kujua hali halisi aingie darasa la kwanza mwezi Februari, ahesabu vichwa.

Halmashauri zikigawanywa, ajira zinaongezeka?

Zinaongezeka juu, si chini. Leo kuna halmashauri 184. Kila mpya inahitaji mkurugenzi, wakuu wa idara na vitengo, wahasibu, madereva, ofisi. Wilaya ya zamani ikikatwa, walimu na wauguzi ni walewale wanaogawanywa. Madiwani niliofanya nao kazi hawakupenda niliposema hivi, na nakubali kwamba mwananchi aliyekuwa akisafiri siku nzima kufuata huduma ana sababu nzuri ya kutaka makao makuu yasogee.

Halmashauri inaweza kuajiri kwa mapato yake ya ndani?

Inaweza, kwa mikataba na kwa kibali. Halmashauri zenye mapato makubwa, za majiji na za migodi, hufanya hivyo kwa walimu wa sayansi, wahudumu wa afya, madereva na watoza ushuru. Zenye mapato madogo, ambazo ndizo zenye upungufu mkali, haziwezi. Kwa hiyo njia hii inapanua tofauti badala ya kuipunguza.

Vijijini pengo linazibwa na mwalimu wa kujitolea anayelipwa michango ya wazazi, pengine debe la mahindi na fedha kidogo. Huyu hayumo kwenye takwimu yoyote niliyowahi kuandaa. Anafundisha miaka mitatu, anaandaa watoto wa mtihani wa taifa, na nafasi zikitangazwa anapanga foleni sawa na aliyekuwa amekaa nyumbani. Naona si haki, na nilisema hivyo kila nilipopewa nafasi ya kusema.

Waombaji ni wengi kiasi gani?

Kwa nafasi za walimu ambazo usaili wake ulifanyika mwanzoni mwa 2025 kupitia Sekretarieti ya Ajira, waliomba zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Tuna madarasa yasiyo na walimu na walimu wasio na madarasa katika kata moja. Kinachokosekana katikati yao ni kifungu cha mshahara.

Tunaweza kujilinganisha na nchi nyingine?

Kwa tahadhari. Kenya ilivunja mamlaka zake za zamani za mitaa mwaka 2013 na kuanzisha kaunti 47. Kaunti zimebeba afya, lakini walimu wa Kenya wameajiriwa na tume ya taifa. Ukiweka kaunti moja kando ya halmashauri yetu moja, yetu itaonekana imefura watumishi, kumbe ni walimu. England nako tangu 2010 shule nyingi zimetoka mikononi mwa mabaraza na kuwa akademi zinazohesabiwa upande wa Serikali Kuu, kwa hiyo sehemu ya kushuka kwa ajira za mabaraza ni kuhamishwa daftari, ingawa kubana matumizi nako kulipunguza watu kwelikweli.

Naweza kupata wapi idadi ya watumishi wa halmashauri yangu?

Anza na kitabu cha bajeti cha mikoa na serikali za mitaa. Kisha hotuba za bajeti za TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) na Utumishi, kitabu cha takwimu za elimu cha TAMISEMI kinachotoka kila mwaka, na ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya serikali za mitaa, ambayo mara nyingi ina jedwali la upungufu wa watumishi. Diwani ana njia fupi zaidi: aombe taarifa ya ikama kwenye kamati ya fedha, uongozi na mipango, iliyochambuliwa kituo kwa kituo. Asikubali jumla ya wilaya. Jumla haimwambii kitu kuhusu kata yake.

Miaka ijayo itakuwaje?

Sehemu ya jibu inajulikana tayari, kwa sababu umri haufichiki. Aliyeajiriwa na MMEM mwaka 2003 akiwa na miaka 23 atastaafu kwa lazima mwaka 2040. Wenzake waliokuwa na umri mkubwa wataanza kutoka kabla ya hapo, na wengine watachagua kuondoka kwa hiari wakifika 55. Wimbi lile la walimu lililoingia kwa pamoja litatoka kwa pamoja, kama la UPE lilivyotoka.

Lililo karibu zaidi ni Januari 2028. Kwa sera mpya ya elimu, shule ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani yatamaliza pamoja. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza siku moja. Maafisa utumishi wanaoandaa ikama mwaka huu tayari wana majina ya watoto hao kwenye sajili za shule zao, na wanaweza kuhesabu leo hii kwamba kila sekondari ya kata itahitaji walimu wangapi siku hiyo.